Turubai la Chini ya Hema la Familia: Mwongozo Kamili wa Kulipima, Kulitandika na Kulitunza

Turubai la chini ni tandiko linalowekwa juu ya ardhi kabla ya hema kusimamishwa, ili sakafu ya hema isigusane moja kwa moja na mchanga, kokoto, mizizi na utomvu wa miti. Watu wanne au watano wakiingia na kutoka hemani kutwa nzima, wakiburuta magodoro na kuangusha mabegi, kila chembe ya mchanga iliyo chini ya sakafu huwa msasa. Sakafu ikitoboka, au tabaka lake la kuzuia maji likichubuka, kuirekebisha ni kazi kubwa kwa kuwa imeshonwa pamoja na hema. Turubai likitoboka, hubandikwa kiraka au hubadilishwa, na hema hubaki salama.

Hiyo ndiyo kazi yake. Wengi hulinunua wakitumaini kwamba litazuia mvua, na tumaini hilo ndilo linalowalaza kwenye maji. Turubai lililo kubwa kuliko sakafu, au lililoacha pembe moja ikichungulia nje, hukusanya maji ya mvua na kuyaingiza chini ya hema, ambako hayana pa kwenda kwa kuwa ardhi ambayo ingeyanywa imezibwa. Kwa maoni yangu, ni afadhali kutokuwa na turubai kabisa kuliko kuwa na turubai linalochomoza, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kingo.

Kwa nini ukingo una uzito kiasi hicho

Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba huwa lita 1 ya maji. Ukingo unaochomoza sentimita 20 kando ya ubavu wa hema wenye urefu wa mita 4 una eneo la mita za mraba 0.8, kwa hiyo mvua ya milimita 10 huumwagia lita 8. Hayo bado ni maji machache. Upande wa paa ulio juu ya ubavu huohuo, ikiwa unafunika upana wa mita 2, hupokea lita 80 katika mvua hiyohiyo na kuzishusha zote kwenye mstari mmoja, yaani palepale ambapo turubai limechungulia.

Maji yakishaingia kati ya turubai na sakafu, kinachofuata hutegemea uimara wa kitambaa. Uwezo wa kitambaa kuzuia maji hupimwa kwa urefu wa safu ya maji ambayo kinaweza kuistahimili kabla ya kuanza kuvuja, na huandikwa kwa milimita. Sakafu nyingi za mahema ya familia huwa na kiwango cha kati ya milimita 3,000 na 10,000. Sasa chukua mtu wa kilo 70 aliyepiga magoti akitandika kitanda: ikiwa uzito wake wote umebebwa na eneo la sentimita za mraba 200, anaisukuma sakafu kwa shinikizo linalolingana na safu ya maji ya milimita 3,500. Sakafu ya milimita 3,000 ambayo imekalia dimbwi itapenyeza maji chini ya magoti hayo, hata kama ni mpya na haina tundu hata moja.

Je, hema lako linalihitaji?

Ikiwa sakafu ya hema ni ya polithini nzito iliyofumwa na unapiga kambi kwenye nyasi laini kwa usiku mmoja au miwili, unaweza kuliacha turubai nyumbani bila hasara yoyote. Ikiwa sakafu ni ya poliesta nyembamba, ikiwa ardhi ni ya changarawe au ya shamba lililovunwa lenye visiki vikavu, au ikiwa hema litakaa mahali pamoja kwa wiki nzima likikanyagwa na watoto, lichukue. Kuna pia sababu moja ambayo haitajwi sana, nayo ni usafi: hema lililokaa juu ya turubai hukunjwa bila tope, na siku ya kuondoka jambo hilo huokoa muda mwingi.

Usilitegemee kwa joto. Turubai ni jembamba mno kuzuia baridi ya ardhi. Kazi hiyo ni ya godoro, na blanketi au zulia ndani ya hema husaidia zaidi.

Kuchagua turubai

Watengenezaji wengi wa mahema huuza turubai lililokatwa kwa umbo la hema lao, likiwa na pete au vishikizo vya kuliunganisha na miguu ya hema. Kama lipo la hema lako na bei yake haikuumizi, linunue, kwa kuwa mahema ya familia mara nyingi huwa na sakafu zenye pembe sita au zilizobinuka kidogo kwenye mbavu, na kuyaiga maumbo hayo kwa mkono si rahisi. Hakikisha tu kwamba ni la modeli yako hasa, si la hema linalofanana nalo, maana tofauti ya sentimita 15 inatosha kukuletea dimbwi.

La sivyo, turubai la kawaida la polithini iliyofumwa linafaa sana. Tafuta lenye uzito wa takriban gramu 100 hadi 150 kwa kila mita ya mraba. Lililo jepesi kuliko hapo hupasuka mapema. Lililo zito zaidi ni imara, lakini ni mzigo. Turubai la meta 3.9 kwa 2.9 lenye gramu 120 kwa mita ya mraba hufikia karibu kilo 1.4, jambo ambalo si tatizo kwa anayesafiri kwa gari. Poliesta yenye tabaka la poliurethani, aina ya plastiki inayozuia maji, ni nyepesi zaidi na hukunjika ndogo, ila huchubuka haraka kwenye changarawe. Plastiki nyembamba inayotumika kufunikia samani wakati wa kupaka rangi haifai. Itatoboka siku ya kwanza, na vipande vyake vitabaki ardhini.

Kupima

Usitumie vipimo vilivyoandikwa kwenye mfuko wa hema. Mara nyingi vipimo hivyo ni vya kifuniko cha nje, kamba na baraza vikiwemo, na sakafu yenyewe ni ndogo kuliko hivyo. Simamisha hema siku kavu mahali tambarare, zipu zote zikiwa zimefungwa, na uvute pembe mpaka sakafu ikae bila mikunjo. Pima kila ubavu kwa tepu ya kupimia ukipita kwenye mshono unaounganisha sakafu na kuta. Mahema mengi yana sakafu ya mfano wa beseni, ambayo kingo zake hupanda sentimita 10 au 15 kabla ya kukutana na ukuta. Unachopima ni sehemu inayolala chini tu, wala si kimo hicho kilichopanda.

Punguza sentimita 5 kila upande. Sakafu ya sentimita 400 kwa 300 itahitaji turubai la sentimita 390 kwa 290. Ikiwa unapiga kambi penye upepo mwingi, ambapo hema huyumba na kusogea, punguza sentimita 7 au 8. Ukanda mwembamba wa sakafu utakaobaki bila kinga hauna madhara, kwa kuwa watu hawatembei kwenye kingo.

Pima pia mshazari, kutoka pembe hadi pembe ya upande wa pili, pande zote mbili. Sakafu yenye pembe mraba ya sentimita 400 kwa 300 ina mishazari miwili ya sentimita 500 kila mmoja. Vipimo viwili vikitofautiana, ama hema limevutwa vibaya ama sakafu si mstatili kamili, na ni vizuri ulijue hilo kabla ya kushika mkasi. Kwa turubai la 390 kwa 290 mshazari unapaswa kuwa sentimita 486.

Kwa sakafu yenye umbo lisilo la kawaida, njia ya uhakika ni kusimamisha hema juu ya turubai lenyewe, kuchora mstari kuzunguka sakafu kwa kalamu ya wino usiofutika, kuliondoa hema, kisha kuchora mstari wa pili sentimita 5 ndani ya ule wa kwanza. Kata kwenye mstari wa ndani.

Kukata au kukunja

Kama huna uhakika, kunja kwanza. Turubai lililokunjwa hufanya kazi sawasawa na lililokatwa, mradi mkunjo uende chini, kuelekea ardhini. Ukikunja kuelekea juu unatengeneza mfuko ulio wazi, na maji yatakayoingia humo yatakaa chini ya godoro lako usiku kucha. Ubaya wa mkunjo ni kwamba huacha tuta dogo linalohisika mgongoni, na kila safari unalazimika kuukunja upya. Baada ya safari chache, ukishaona kwamba kipimo ni sahihi, kata.

Polithini iliyofumwa hufumuka inapokatwa. Bandika utepe mpana wa gundi usioingia maji juu ya mstari, ukate katikati ya utepe, kisha ubandike mwingine upande wa chini. Pembe ziongezewe tabaka la pili kabla ya kutobolewa na kutiwa pete za chuma, kwa sababu hapo ndipo turubai huchanika.

Hema likiwa kubwa kuliko turubai unaloweza kupata, unganisha mawili kwa kuyapishanisha angalau sentimita 20 na kubandika utepe juu na chini ya kiungo. Panga kiungo kiwe kwenye njia ya kupita, kisilaliwe na mtu.

Kabla hujalikunja kulihifadhi, andika neno CHINI kwa herufi kubwa kwenye uso utakaogusa ardhi, na MLANGO kwenye ukingo wa mbele. Uso mmoja ukiwa juu safari hii na chini safari ijayo, kokoto zilizonata zitakuwa zinaisugua sakafu kutoka kwenye turubai lenyewe, na kinga itageuka mharibifu. Kwa turubai la poliesta, fuata maelekezo ya mtengenezaji. Yasipokuwepo, uso wenye tabaka linalong'aa uelekee hema, ili usisuguliwe na mawe.

Kuandaa mahali

Chagua pahali palipoinuka kidogo kuliko pembeni mwake. Kishimo kinachoonekana laini na chenye nyasi nzuri mara nyingi huwa hivyo kwa sababu hapo ndipo maji hutuama, na hakuna turubai litakalokusaidia ndani yake. Mteremko mdogo ni bora kuliko tambarare kamili, vichwa vikielekea juu. Lala chini mwenyewe kwa dakika moja kabla ya kufungua mfuko wa hema. Mgongo hugundua mwinamo ambao macho hayauoni.

Safisha kwa mikono. Ondoa mawe, vijiti, miiba na matunda makavu ya miti, kisha upitishe kiganja taratibu juu ya eneo lote. Kijiti kilichosimama wima, hata kikiwa kifupi kama kidole, ni hatari kuliko jiwe kubwa la mviringo, kwa maana uzito wote wa anayekikanyaga huishia kwenye ncha moja. Usichimbe mfereji kuzunguka hema: huharibu ardhi, na sehemu nyingi za kupigia kambi zimekataza.

Kutandika na kusimamisha hema

Tandaza turubai, uso ulioandikwa CHINI ukiwa chini, na ukingo wa MLANGO ukiwa upande ambako mlango wa hema utafungukia, ambao kwa kawaida huwa ule usiopigwa na upepo. Weka begi kwenye kila pembe, au vigingi vya muda kwenye pete, ili lisipeperuke. Vuta mikunjo yote itoke. Mkunjo uliobaki chini ya sakafu ni mfereji wa kupitishia maji.

Kwa hema la kuba, kazi ni rahisi: tandaza hema juu ya turubai, linganisha pembe, pigilia vigingi vya pembe, kisha inua fito. Hema la mfano wa handaki lina usumbufu wake, kwa kuwa husimama kwa kuvutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine na mara nyingi huburuta turubai njiani. Hapo pigilia turubai kwanza kwa vigingi vilivyozamishwa hadi usawa wa ardhi, ulitumie kama ramani ya mahali hema litakapokaa, kisha pigilia upande wa nyuma wa hema, inua fito moja baada ya nyingine, na uvute upande wa mbele. Mahema ya hewa hufuata utaratibu uleule, ila pembe zote za sakafu zipigiliwe kabla ya kujaza hewa.

Sasa inakuja hatua ambayo watu huiruka. Kabla ya kuingiza godoro hata moja, zunguka hema lote ukiwa umechuchumaa. Ingiza vidole chini ya ukingo wa sakafu: vinapaswa kugusa nyasi au udongo kwanza, na kuufikia ukingo wa turubai sentimita chache ndani. Palipo na turubai mara tu unapoingiza kidole, lisukume ndani au likunje kuelekea chini. Angalia pembe kwa makini zaidi, kwa sababu vigingi vikivutwa, sakafu hujikunyata kwenye pembe na kuliacha turubai wazi. Rudia ukaguzi huu baada ya kukaza kamba za upepo, na tena jioni, maana vitambaa hulegea na kukaza kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika.

Baraza ishughulikiwe peke yake. Baadhi ya maturubai ya dukani hufunika baraza na vyumba kwa kipande kimoja, na hilo ni zuri siku kavu. Mvua ya upepo ikiingia barazani, maji hutiririka juu ya turubai hadi chini ya chumba cha kulala. Kunja sehemu ya baraza irudi chini, ikomee mlangoni mwa chumba, na barazani utandike mkeka wa matundu unaopitisha maji.

Unyevu ukionekana

Asubuhi ukiinua godoro na kukuta maji, usikimbilie kulaumu sakafu. Unyevu uliosambaa sawasawa chini ya godoro tu, pengine ukifuata umbo la aliyelala, kwa kawaida ni mvuke wa mwili uliokutana na sakafu baridi ukageuka maji. Dawa yake ni kupitisha hewa: fungua matundu ya juu usiku, na uinue magodoro mchana. Unyevu ulioanzia ukingoni au kwenye pembe na kupungua kuelekea katikati umetoka nje, na karibu kila mara utakuta turubai limechomoza mahali fulani. Madoa yaliyotawanyika kwenye njia ya kupita, pale watu wanapokanyaga na kupiga magoti, huonyesha kwamba tabaka la sakafu limechakaa au kuna maji yaliyonaswa kati ya sakafu na turubai. Ng'oa vigingi vya upande mmoja, inua sakafu, na utazame: matone machache yakiwepo, futa kwa taulo, yakiwa dimbwi, toa turubai lote, likaushe, na ulitandike upya.

Mvua ikiwa ya siku nyingi na sakafu imeshaanza kuchoka, kuna njia nyingine: tandika turubai la pili ndani ya hema, safari hii likiwa kubwa kuliko sakafu, na kingo zake zikiinuliwa kwenye kuta. Haliikingi sakafu na mawe, lakini hulikinga godoro na maji.

Nyasi zilizofunikwa kwa siku kadhaa huwa manjano kwa kukosa mwanga na hewa, hivyo baadhi ya wenye maeneo ya kambi hukataza maturubai yasiyopitisha hewa. Uliza kabla ya kutandika.

Kuondoka na kuhifadhi

Turubai huwa la kwanza kutandikwa na la mwisho kuondolewa. Kunja hema likiwa bado juu yake, ili lisiguse tope. Kisha vaa viatu, inua turubai kwa kushika ukingo mmoja na kurudi nyuma taratibu, kwa kuwa wadudu na nyoka hupenda ubaridi wa chini yake. Ligeuze, lifute kwa kitambaa chenye maji, na uliache juani mpaka likauke pande zote mbili. Kisha kunja uso mchafu uangaliane na uso mchafu.

Lipe mfuko wake lenyewe. Turubai lenye unyevu likifungwa pamoja na hema huleta kuvu, na tabaka la poliurethani likikaa na unyevu kwa muda mrefu humomonyoka, hunata na kutoa harufu mbaya isiyoondoka. Ikiwa umelazimika kulifunga likiwa limelowa, lifungue ndani ya siku moja au mbili. Osha kwa maji vuguvugu na sifongo laini, bila sabuni kali. Likishakauka lisiachwe juani bila sababu, kwa sababu miale ya jua hudhoofisha polithini mpaka ianze kupukutika kama magamba.

Matundu madogo si msiba, kwa kuwa kazi ya turubai ni kupokea msuguano. Futa eneo kwa spiriti, acha likauke, bandika utepe pande zote mbili, na pembe za kiraka uzikate ziwe za mviringo ili zisibanduke. Mpasuko unaozidi urefu wa kiganja, hasa ukiwa karibu na pete ya pembe, ni dalili kwamba kitambaa kimechoka chote. Kata sehemu iliyobaki nzima itumike barazani chini ya viatu na vyombo, na utengeneze turubai jipya kwa kulichora juu ya la zamani, baada ya kuhakikisha kwamba hilo la zamani lilikuwa na kipimo sahihi.